Aliyetia Karatasi Kapuni

Mtoni,
4 Desemba 1995

Dada Mwanabaraka,

Maneno aliyofoka Demetria siku ya mahafali nimeyatunga mie. Sijamwambia mtu, hata mama. Nisamehe kulitanguliza hili. Nilijua nikianza na salamu nitamaliza karatasi bila kulisema. Haya, mtoto hajambo? Magoti ya bibi yanaendeleaje? Mfikishie shikamoo yangu. Sie huku wazima, ila mama anakohoa kidogo.

Tangu ulipofukuzwa, Mwalimu Kamugisha alibadilisha kipindi chake cha Uraia. Alikuja na redio kaseti akatufundisha kufoka, kughani mashairi mbiombio juu ya mdundo kama wale wa rap. Alisema kila mtu atunge juu ya dhuluma aliyoiona kwa macho yake, asitaje jina la mtu wala lake mwenyewe, kisha karatasi aitie kwenye kapu mlangoni. Tukisoma tunaulizana: nani anaumia, nani anafaidika, tufanye nini. Mwanzoni wavulana walicheka. "Mwalimu, hii Uraia au disko?" Shomari aliuliza. Mwalimu akamjibu, "Kama dhuluma inachezeka, simama tukuone."

Mie unanijua. Hata nikiitwa jina asubuhi, kuitikia kwangu ilikuwa mpaka wanitegee sikio. Lakini kapu halimtazami mtu usoni. Nikaandika habari yako:

Mliwapanga wasichana foleni, mkono tumboni,
Aliyebeba katoka, aliyembebesha yu darasani.
Mmoja kafungiwa geti, mmoja kafunguliwa kitabu,
Mmoja atapewa cheti, mmoja kapewa aibu.

Mwalimu akayachagua, akampa Demetria kwa kuwa sauti anayo. Alipofika hapo, mgeni rasmi alinyanyuka akaenda kumtunza. Kina mama wakamfuata na noti na vigelegele, wanajitikisa kama wako kwenye taarabu. Wilbert naye, baba wa mwanao, alipiga makofi. Aliyesikiliza maneno ni Mkuu wa shule peke yake.

Kesho yake aliingia darasani. "Nani katunga upuuzi ule?" Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunyooka, naapa. Mwalimu Kamugisha akasema, "Mimi."

Sasa anahamishwa, Februari aondoke, eti anachochea wanafunzi. Na Mkuu hajatupa vyeti vya kumaliza shule. Humo tabia ya kila mmoja wetu anaiandika yeye Mkuu. Nikisema ni mie, cheti sipati, na chuo cha ualimu ndiyo basi tena.

Nifanyeje, dada?

Mdogo wako,
Zubeda


Chanika,
16 Desemba 1995

Mdogo wangu Zubeda,

Salamu zako zimefika, ingawa umezileta nyuma kama mkia. Mtoto ameota meno na mtu wa kwanza kung'atwa ni mie. Bibi anasema marahaba, na magoti anayo bado.

Beti umeitunga vizuri. Imeniuma pia. Mwalimu aliwafundisha kuuliza nani anaumia. Mbona hukuja kumuuliza mwenyewe? Ningekwambia kwamba nesi aliyenipima alilia, na kwamba wenzangu wote foleni nzima walitazama chini. Wewe pia ulitazama chini, Zubeda. Lakini hayo yamepita. Kilichonitoa machozi ni kwamba watu walicheza.

Nenda kaseme. Mwalimu Kamugisha ndiye mtu pekee wa shule ile aliyekuja kunitazama huku, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Ndiye aliyembembeleza Mkuu anipokee mwakani nifanye mtihani hapo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Mkuu akakubali. Cheti kitachelewa, kitakuja. Mwalimu akishaondoka hatumrudishi.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Mwanabaraka


Chanika,
26 Januari 1996

Zubeda,

Hujambo wewe na mama? Mfungo unaendeleaje huko? Mie nanyonyesha, sifungi, lakini bibi anafunga kwa niaba ya mtaa mzima.

Jibu lako sikuliona. Nilisubiri mpaka shule zikafunguliwa. Juma lililopita nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda mwenyewe.

Mkuu aliniuliza, "Wewe si tulishakufukuza?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Nikamwambia beti ni yangu, nilimpa mwanafunzi aitie kapuni, na Mwalimu Kamugisha aliikubali kuwa yake ili anisitiri. Aliamini upesi. Nadhani ilimpendeza kuamini. Akamtazama mtoto, akasema, "Ndiyo tabia hiyohiyo." Kisha akasema Mwalimu atabaki, ila habari ya mtihani niisahau, na nisikanyage tena pale.

Sikuandikii ili kukulaumu. Nakuandikia usije ukakurupuka sasa kwenda kusema, tukaonekana waongo wote watatu.

Dada yako,
Mwanabaraka


Mtoni,
27 Februari 1996

Shikamoo dada. Najua sie hatuamkiani hivyo, lakini leo imenitoka tu. Idi ilikuwaje? Mtoto alivaa lile gauni alilotuma mama? Mama kikohozi kimepungua.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Kuna jambo hulijui. Siku ile uliyokwenda, mie nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya dirisha la Mkuu, nimekuja kusema. Nimefika mapema, nikaambiwa ndani kuna mtu; nimeyapanga maneno tangu nyumbani, nasubiri kuitwa. Nikasikia mtoto analia ndani, halafu sauti yako. Nilisikia ulivyosema "nimetunga mimi." Nilisikia habari ya mtihani. Mlango haukuwa na komeo, dada. Ulikuwa wa kusukuma tu. Ulipotoka nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji, nikakuona unamfunga mtoto upya kwa khanga, unaenda zako getini.

Nikaitwa. Mkuu akanipa cheti. Ameandika: mtulivu, mtiifu, mkweli. Nikasema ahsante mwalimu.

Jana Mwalimu Kamugisha alikuja nyumbani. Anataka kila Jumamosi awafundishe kidato cha pili kutunga na kufoka juu ya haki, na ameniomba nimsaidie mpaka matokeo yatoke. Alimwambia mama, "Zubeda haongei, lakini anajua kilicho haki." Mama alifurahi mpaka akamwandalia chai ya maziwa. Nikakosa pa kukataa. Jumamosi hii naanza. Amesema nianze kwa kuwasomea beti yako. Anaamini kweli ni yako, na anataka wajue msichana aliyeitunga alikwenda kuisema mbele ya Mkuu bila kuogopa.

Nitawasomea. Kuhusu benchi, dada, nakuomba liishie kwako. Usimwambie mama, usimwambie Mwalimu. Na siku watoto wale wakija Chanika kukuamkia, maana watataka kuja, usiwaambie.

Mdogo wako,
Zubeda