Breki za Nyuma za Gari la Baba

Gereji ya Budeba,
Chimala.
Alhamisi jioni.

Mdogo wangu mpendwa Apolonia,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Baba, Mama na wote wanaopika na kugombana hapo nyumbani kwa ajili ya harusi yako. Mguu wa Baba unaendeleaje? Bado anakataa fimbo? Mimi huku ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kulala chini ya magari, na vumbi la Usangu limenikaa kifuani.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini nyinyi mkipigiwa simu mnaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, na haya ni yako peke yako. Anayekuletea ni ndugu yetu Anord mwenyewe. Nimeibandika kwa gundi ya kuzibia pancha, tuone kama ataweza kuifungua.

Kama unavyojua, alikuja huku kuchukua mchele wa harusi. Nililiona gari la Baba tangu kule barabarani, jeupe, linang'aa kana kwamba halijazeeka, na yeye ndani na miwani ya jua, mkono nje ya dirisha. Wenzangu wakauliza huyo bosi ni nani. Nikasema ni mdogo wangu. Budeba, mwenye gereji, ambaye ni Msukuma na utani haumwishi, akasema kumbe kuna watu huzaliwa wa kwanza ili wawahi kulala chini ya gari la mdogo wao. Watu walicheka. Nami nilicheka, huku nikifuta grisi mikononi.

Nakwambia wewe, Apolonia, kwa sababu nikimwambia mwingine nitaonekana mtoto. Namwonea wivu Anord. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliosha lile gari kwa ndoo na kitambaa kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Nilipoacha shule na kwenda kutafuta kazi, nilidhani ufunguo utanisubiri. Baba akampa yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Na sasa ndiye atakayekupeleka kanisani na kukufungulia mlango, huku kina mama wakipiga vigelegele.

Basi, gari liliposimama nilisikia harufu ya kuungua. Nikafanya anavyofanya Baba akirudi safari, kupapasa kila gurudumu kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Ya mbele yalikuwa na joto la kawaida. Ya nyuma yaliniunguza. Nilipofungua, nikakuta kalipa, vile vyuma vinavyobana diski ili gari lisimame, zimeliwa na kutu. Pistoni zilikuwa zimegandia ndani; breki zimeshika na haziachii.

Nikamuuliza analioshea wapi. Akajibu kwa majivuno kwamba kila Jumamosi hushuka nalo mtoni pale Ipogolo, akaliingiza majini mpaka nusu ya magurudumu, kisha hulipaki kwenye mteremko wa nyumbani na kuvuta breki ya mkono likiwa bado limelowa. Nikamwambia mbele ya wote kwamba amelipamba gari kwa macho ya watu na kuliozesha miguu. Budeba akasema afadhali angeoga yeye. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi siku nzima.

Niliziloweka kalipa kwa mafuta ya taa, nikazipasha moto, nikaanza kuzitoa pistoni. Za nyuma za gari lile hazivutwi kwa nguvu. Huzungushwa taratibu kama skrubu, maana breki ya mkono imo humo ndani. Moja ilikuwa na mashimo ya kutu, haifai tena. Nikaagiza nyingine Mbeya kwa kondakta wa basi. Kila asubuhi Anord aliniuliza kama imefika, nami nilimjibu kwamba Mbeya hawana haraka na harusi za watu wa Iringa.

Jana jioni nilimkuta amevua ile miwani, amekaa juu ya tairi bovu, anaisugua kalipa kwa msasa bila kutumwa. Vidole vilikuwa vimechubuka. Bila kuniangalia akasema kwamba amechoka. Akasema kila akilirudisha gari nyumbani, Baba humwambia kwamba wakati wa Aroni, yaani wakati wangu, lilikuwa linang'aa. Ndiyo maana alianza kulipeleka mtoni. Akasema mimi niko mbali, sionekani, na bado kila siku yeye ndiye anayeshindwa. Nilimwambia tu asugue kwa kuzungusha.

Leo asubuhi nikamwambia pistoni imefika. Tukafunga, tukatoa upepo kwenye breki, yeye akikanyaga pedali, mimi chini nikifungua nati. Kanyaga, shikilia, achia. Hatukugombana hata mara moja.

Lakini pistoni haikufika leo, Apolonia. Ilifika siku ya pili tu baada ya kuagizwa. Muda wote huo ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na Anord alikula na mimi sahani moja huku pistoni ikinigonga ubavuni. Nilitaka Jumamosi ya harusi ipite akiwa hapa, ukodishiwe gari la mtu mwingine, yeyote, ila siyo yeye. Sikufikiria mchele wenu. Sikukufikiria hata wewe. Na ile ruhusa ya kuja harusini niliyosema Budeba amenikatalia, sikuiomba. Nisingeweza kusimama pale nje ya kanisa nimwangalie akikufungulia mlango. Hata sasa siwezi. Nisamehe, ukiweza.

Anaondoka kesho alfajiri. Gari ni zima, hilo usiwe na shaka nalo. Jumamosi, mkishuka kutoka mjini kuja Ipogolo, litapunguza mwendo bila kuvuta upande. Mkifika nyumbani, kabla hujaingia ndani, msubiri Baba kidogo. Atainama na mguu wake ule, atapapasa magurudumu ya nyuma. Mwangalie usoni. Halafu uniandikie alichosema, hata kama ni jina la Anord alilolitaja.

Msalimie Mama, na mwambie koti alilonishonea bado linanifaa. Msalimie bwana harusi. Mwambie gari asilioshe mtoni. Mungu awape nyumba yenye amani.

Ni mimi kaka yako,
Aroni Kalinga