Beringi Iliyogoma Kwenye Gari la Paskali

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umeikalia Karatu tangu alfajiri, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri pia.

Tangu tumzike kaka yangu Paskali kule Buger, nipo hivi. Watu wananipa pole, naitikia. Nikiwekewa chakula, nakula. Sijalia bado.

Paskali alikuwa dereva wa watalii, na gari hili kuukuu lilikuwa lake mwenyewe. Muda mfupi kabla hajaugua alishusha giaboksi, kwa sababu kila akikanyaga klachi gari lilikuwa linapiga kelele. Homa ikamkuta katikati ya kazi. Hakurudi kutoka hospitali, na giaboksi ikabaki uani kwake, imefunikwa gunia.

Mkewe, Nasieku, anataka kurudi kwao Loliondo na watoto. Mimi ni fundi, kwa hiyo ameniomba nimalizie gari, wasafiri nalo. Mama hataki waende. Jana alinipigia simu kutoka Endamarariek.

"Mwanangu, hilo gari si likae tu? Nani anakukimbiza?"

Nikamwambia nina kazi, nikakata simu.

Leo nikajilaza chini ya gari. Tatizo lilionekana mara moja: beringi ya pailoti, ile ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na kushika ncha ya shafti ya giaboksi, ilikuwa imekauka na kugandishwa na kutu. Mpya ninayo. Ya zamani haikutaka kutoka. Ndoano ya chuma iliteleza. Nikajaza grisi kwenye tundu lake, nikachomeka kipande cha chuma kinachoenea tundu hilo, nikagonga ili grisi iisukume kutoka kwa nyuma. Grisi ikapenya pembeni, ikanirukia usoni.

Nikalala palepale, nyundo kifuani. Nikawaza: naweza kumwambia imeshindikana. Gari likae. Watoto wakae.

Na ndani yangu kitu kikafurahi.

Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu msiba, na sikukipenda.

Nasieku akainama kuchungulia. "Shemeji, imegoma?"

"Imegoma."

"Kaka yako aliwahi kuitoa nyingine kwa ugali. Alinimalizia kiporo chote."

Nilidhani ananitania. Akaingia jikoni, akarudi na sufuria ya ugali wa jana, mgumu kama udongo wa kufinyanga. Nikaujaza kwenye tundu, nikagonga. Nikaongeza tonge, nikagonga tena. Ugali haupenyi kama grisi. Ukikosa pa kwenda, unasukuma. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi nilipoona beringi imechomoza kidogo. Tonge jingine. Ikaniangukia kiganjani, imepakwa ugali mweusi.

Nasieku akacheka. Alicheka kwa sauti, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi, halafu akajiziba mdomo kwa shuka na mabega yakaendelea kutikisika. Sikujua kama bado ni kicheko. Nilitaka kusema neno la maana. Nikasema, "Naomba kitambaa."

Nilifuta tundu mpaka likang'aa, nikaiweka mpya, nikaigonga taratibu kwa kuegemeza soketi ya spana kwenye ukingo wake wa nje ili isipasuke. Majirani wawili wakanisaidia kuinua giaboksi. Mchana nikawasha, nikakanyaga klachi. Kimya. Nikaenda nalo hadi barabara kuu na kurudi. Niliporudi, Nasieku alikuwa anafunga magodoro kwa kamba.

Mama akapiga tena jioni.

"Limepona?"

"Limepona, mama."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Basi wapitie kwangu kwanza. Niwaone watoto. Nimechinja kuku."

Sasa nipo kitandani kwangu. Kucha zangu bado zina grisi. Nimejaribu kumfikiria Paskali, ili nione kama kitu kitakuja, lakini naona tu mabega ya Nasieku yakitikisika. Labda ndivyo ilivyo kwa wengine. Labda kitakuja nikiwa nabadilisha oili ya mtu nisiyemjua.

Asubuhi tunaanzia Endamarariek, halafu tunapanda Ngorongoro kuelekea Loliondo. Nimemwambia Nasieku nitaendesha mwenyewe.

Nitakwenda polepole. Wakiniuliza, nitasema ni barabara.