Ulisema ni Mimba ya Kwanza

Dada Wakesho,

Nimekukasirikia. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini leo utanisikiliza, maana ulipokuwa hai wewe ndiye uliyesema na mimi ndiye niliyenyamaza. "Mimi ndiye kifungua mimba," na hapo mambo yameisha, sufuria naosha mimi.

Nina mimba, dada. Miezi minne. Leo Mama amenisindikiza kutoka Kasigau hadi kliniki huko Voi, tukakaa kwenye lile benchi la karibu na mlango, palepale tulipokaa mimi na wewe. Nilitaka kurudi nyumbani.

Unakumbuka nesi alivyokuuliza? "Mama, hii ni mimba ya ngapi?" Ukajibu, "Ya kwanza." Hata mate hukumeza. Mimi nilikuwa kando nimeshika mkoba wako, nikatazama sakafu. Sote wawili tulijua mwanao wa kwanza, aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba, amezikwa nyuma ya jiko la Mama, yule aliyepumua mpaka jioni akachoka. Lakini Mama alikuwa ametuonya tangu nyumbani: mtoto asiyepewa jina hahesabiwi, ukimtaja unamwita huyu wa tumboni amfuate. Basi nesi akaandika moja, akakupima presha na mkojo, akasema uko sawa. Na kwa alivyoambiwa, ulikuwa sawa!

Mimba hii nayo ilipofika miezi saba, uchungu ukakushika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari likakwama, tukasukuma. Ulijifungulia mlemle garini, na damu ikakataa kukatika. Mtoto nilimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, nikafika naye Voi akiwa hai. Wewe ulifika umenyamaza.

Binti yako anaitwa Mghoi. Ana miaka mitatu na kichwa kigumu kama chako. Juzi tembo waliingia shambani wakamaliza mahindi, naye akataka atolewe nje akawagombeze.

Sasa leo. Nesi ni mwingine, msichana mdogo tu. Kwangu ni ya kwanza kweli, nikamwambia. Akauliza tena, "Na mama yako, au dada, amewahi kuzaa kabla ya siku?" Mama akanikanyaga mguu. Na kisigino cha Mama unakijua.

Nikasema, "Dada yangu. Mara mbili. Mara ya pili tukamzika."

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema mama aliyewahi kuzaa kabla ya siku huangaliwa mapema, wanapima mlango wa kizazi kwa skani, na ukionekana unafupika kuna dawa, wengine hushonwa. Si wote husaidika, alisema, lakini angalau mtu anakuangalia.

Wakesho, kulikuwa na kipimo! Chumba chenyewe kiko ng'ambo ya ukumbi, tulikuwa tunakitazama tukila njugu. Pengine kisingekuokoa, sijui, sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniudhi. Nina hasira na wewe. Nina hasira na Mama, na yule nesi ambaye hakuuliza mara ya pili. Na mimi je? Mdomo nilikuwa nao. Neno moja tu, nikaona aibu mbele ya mtu ambaye hata jina letu halijui.

Nilifikiri Mama atanigombeza. Aligeukia ukuta, akamwambia nesi, si mimi, "Andika na mimi. Wa kwanza wangu alikuja kabla ya siku. Mvulana. Kabla ya Wakesho."

Haki ya Mungu, dada, hivyo ndivyo nilivyosikia. Miaka yote hiyo! Kumbe hukuwa kifungua mimba. Na zile sufuria zote nilizoosha! Nilicheka kwa sauti pale kliniki, kisha nikalia mpaka nesi akaniletea pamba. Mama naye alilia, akiwa bado ameangalia ukuta.

Wiki ijayo naingia skani. Naogopa, sikufichi. Lakini nakuahidi, nikiulizwa sitatazama sakafu tena. Na Mghoi akikua nitampa hesabu yote, wa Mama na wako, aende nayo kliniki kichwani.

Lala sasa, dada. Na huko uliko, mwachie kaka yetu awe mkubwa. Amengoja sana.

Mdogo wako,
Mkawasi