Nyumba Niliyosahau Kualika

Baba Salma,

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa dini imeniamuru, si kwa kuwa nakutamani. Dada yako alikuja jana hapa Michenzani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne akihema, akanipa ujumbe wako kutoka Maskat: Salma amekushinda, anarudi kwangu mwezi ujao. Skuli anapoteza mabuku, chuoni kwenye Kurani hatulii, akiteleka maziwa yanafurika. "Kichwa cha mama yake," ndivyo ulivyosema. Miaka kumi hukuniletea hata salamu, na neno la kwanza ndilo hilo.

Basi nami nikukumbushe. Mwanzo hukukichukia kichwa hiki. Ulikuwa ukicheka nikitoka na kiatu hiki mguu mmoja na kingine mguu wa pili. Kofia yako ya viua ya harusi yetu niliishona nikiwa nimekaa kitako tokea asubuhi mpaka alasiri, siku baada ya siku, hata maji sinywi, na ukipita nayo Darajani watu wakikuuliza nani fundi. Hapo kichwa changu kilikuwa kizuri. Kilipounguza wali ndipo kikawa kibovu.

Kisha ikaja harusi ya dada yako. Unajua kwetu mwanamke haalikwi kwa karatasi. Anaendewa nyumbani kwake, anaambiwa kwa mdomo, na asiyeendewa ametukanwa. Mama yako akanipa nyumba tisa za Mlandege, nikawa nazihesabu kwa vidole njia nzima. Nyumba ya saba nikawakuta wanawake wanashona kofia yenye ua nisilopata kuliona. Nikasema nitazame kidogo tu. Nilipoinuka alasiri ishaadhiniwa, nikakimbilia ya tisa, nikarudi nikamwambia mama yako nimemaliza, na wallahi niliamini nimemaliza.

Nikakumbuka maghribi, natoa salamu ya sala. Nyumba ya nane, kwa shangazi yako aliyekulea. Nikakufuata hapo hapo, nikakwambia ngoja nivae buibui nende. Ukanizuia.

"Niachie mimi," ulisema. "Shangazi ni wangu, ntampitia baada ya isha."

Nikakushukuru, mjinga mimi.

Hukwenda. Ulikaa barazani na karata zako, ukasahau. Shangazi hakuja harusini, wala wanawe. Mama yako akanisimamisha mbele ya wanawake wote, akaniita punguani, akasema nimewakatia udugu. Wewe ulikuwa mlangoni unapitisha masinia ya biriani, unasikia kila neno. Nikakutazama useme. Ukaenda kuchukua sinia jengine.

Wiki ile ile ukanipa talaka. Salma, miaka mitatu, akabaki kwa mama yako, ati nitamsahau sokoni. Halafu ukaondoka naye kwenda Maskat. Nnakuchukia kwa hilo, na sioni haya kulisema.

Miaka yote hiyo niliamini mimi ndiye mbovu. Mpaka mwaka jana nilipompelekea daktari mkono niliouunguza mara ya tatu, naye badala ya kuufunga bendeji tu, akaniuliza maswali mengi. Akaniambia ni ubongo usiotulia, mtu anazaliwa nao hivyo, na wengine hata ukubwani hali hiyo haiwatoki. Lina jina lake refu hilo jambo, na si uvivu wala si ujinga. Nililia pale pale kitini, na hasira ilikuwa nyingi kuliko furaha.

Siku hizi nikiteleka chungu najifunga kitambaa mkononi, na sikifungui mpaka chungu kishuke. Ufunguo nauvaa shingoni. Nyuma ya mlango naandika kwa chaki yote ya kesho. Juzi mchuzi uliungua vilevile, na kitambaa ninacho. Nikapika mwengine. Naishi peke yangu, nyumba imesimama, na kofia zangu watu wanazingojea.

Sasa sikiliza. Dada yako alipokuwa anaondoka aliniambia jambo kwa sauti ya chini, kwa aibu. Salma anaamini mimi nilimsahau. Ndivyo mlivyomlea. Baba Salma, mimi nishasahau masufuria, nishasahau majina ya watu, nishasahau hata kula. Mwanangu namtaja kila sala.

Mlete. Kitanda chake kishatandikwa. Lakini kabla hajapanda ndege, mkalishe mbele yako umwambie kwamba hakusahauliwa, alichukuliwa. Umwambie pia ni nani aliyeahidi kumpitia shangazi yako baada ya isha.

Mabaya sikuombei, na mema usiyangoje kwangu. Ila hayo mawili mwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Ukisahau, nitamwambia mimi.

Ni mimi,
Mama yake Salma