Kikao cha Baada ya Kuanguka kwa Ukuta wa Msikiti wa Kale wa Mwanyuni

KAMATI YA HIFADHI YA MSIKITI WA KALE WA MWANYUNI
Jumapili, 12 Januari 2025, madrasani Mwanyuni, Msambweni

Waliohudhuria: Mzee Abdurahman (Mwenyekiti), Bi. Fauzia (Mweka Hazina), Fundi Chirau (Mjumbe), Swabir (Katibu)
Mwalikwa: Bi. Mwanapili, mamake marehemu Boga
Asiyehudhuria: Bw. Kavumbi wa Diani, aliyewaleta wageni siku ya ajali (hakutoa udhuru)

KUMB. NA. 1/1/2025: TAARIFA YA MSIBA
Mwenyekiti alimpa pole Bi. Mwanapili. Alieleza kwamba marehemu, aliyekuwa akiwatembeza wageni msikitini, aliangukiwa na ukuta wa kibla wiki iliyopita alipokuwa akimshusha mtalii aliyeupanda ili apigwe picha. Mtalii alinusurika.

KUMB. NA. 2/1/2025: CHANZO CHA AJALI
Mweka Hazina alikumbusha kwamba Fundi Chirau aliuona ufa ukutani tangu mvua za vuli, na marehemu akaiziba njia ya kuufikia ukuta kwa miba. Mwenyekiti aliamuru miba iondolewe kwa kuwa iliharibu sura ya msikiti. Mwenyekiti alijibu kwamba Desemba ndio msimu wa wageni, na kijiji kizima kiliwataka.

"Kijiji hakikuulizwa, Mzee," alisema Mweka Hazina. "Uliamua peke yako."

Mwenyekiti alimtaka achunge ulimi wake mbele ya mfiwa. Kuhusu miba, hakukanusha.

KUMB. NA. 3/1/2025: UKARABATI
Fundi Chirau alishauri ukuta ujengwe upya kwa mawe yaleyale, kwa kuwa mengine ya aina hiyo hayapatikani. Bi. Mwanapili aliomba ruhusa ya kusema.

"Sikuja kugombana. Boga aliupenda msikiti huu, basi ujengeni. Lakini jiwe lililomkalia mwanangu kifuani nalijua, nililiona kwa macho yangu. Hilo msilirudishe kiblani. Nitasujudu vipi mbele yake?"

Fundi aliuliza jiwe lipelekwe wapi. Mwenyekiti alisema atalichukua, aliweke uani kwake.

"La, Abdurahman," alisema Bi. Mwanapili. "Kwako utalizoea."

Iliazimiwa kwamba msikiti ufungwe kwa wageni hadi ukuta usimame tena. Kuhusu jiwe, hapakuwa na azimio.

KUMB. NA. 4/1/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alishindwa kuendelea. Bi. Mwanapili alimsomea mwanawe Fatiha, wajumbe wakaitikia Amin, kisha akainuka na kutoka. Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri.

Mwenyekiti: Abdurahman (saini) ..................
Katibu: Swabir (saini) ..................