Mababu Uliowatunga Harusini Garissa

Mdogo wangu Mwanaidi,

Siwezi kukuuliza hali, na habari za huko uliko hanipi mtu, kwa hiyo acha nianze na za hapa. Garissa joto ni lile lile ulilolilaani, maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na yule jirani yangu Habiba bado anauza maziwa ya ngamia sokoni na bado hataki nimlipe. Mimi nipo. Nikirudi kutoka zamu najipikia kidogo, nakula nusu, nalala mapema.

Nakumbuka ulivyoshuka basi mara ya kwanza, vumbi mpaka kwenye kope. Mama tulikuwa tumeshamzika, nyumba ya Tanga imebaki na wewe peke yako. Hata maji hujanywa, ukaniambia hukuja kutembea, umekuja kunichukua. Nikakwambia kliniki ina wagonjwa wengi, watu wanavuka mpaka kila siku, na wauguzi hatutoshi. Ukanikata kauli. "Tumebaki wawili tu, dada. Wawili gani hao wanakaa nchi mbili?" Ukanipa mpaka mwisho wa likizo yako niamue.

Ndipo Habiba akatualika harusini. Alisema mgeni aliyetoka Tanga hawezi kuondoka Garissa bila kuiona harusi ya watu. Akakuazima dirac, lile gauni lao jepesi refu, nawe ukalikanyaga pindo tangu mlangoni. Nilikusihi ukae kitako utulie. Nilikujua. Tangu utoto, ngoma ikilia ng'ambo ya pili ya mtaa wewe ulikuwa umeshavaa kanga.

Wanawake tulikaa uani chini ya turubai, udi unafuka, ngoma moja inapigwa na makofi yanaitikia. Mama mmoja aliyeitwa Dahabo alikuwa akighani mashairi, na mtu mmoja mmoja anaingia katikati kucheza. Kwetu Tanga, anayekaa tu kwenye ngoma huonekana ana maringo, basi wewe ukainuka. Sikuwahi kukushika. Ukaingia na kiuno chako cha mtaani kwetu Ngamiani, ushungi umeangukia begani, na vigelegele vikapaa. Mimi pia nilikuwa sijui kwamba hapa anayeingia katikati husifiwa wazee wake, na mwenye kughani lazima aambiwe ni akina nani.

Ngoma ikashushwa. Bibi mmoja akakuuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni watu ya nani?"

Ukasema Mwanaidi binti Saidi. Saidi wa nani? Wa Hamisi. Hamisi wa nani? Hapo ukoo wetu ukaishia, kwa sababu baba alifariki tungali wadogo na mama hakuwahi kutuambia Hamisi alizaliwa na nani. Ukanitupia jicho, nikatazama mkeka. Hapa hata mtoto ambaye hajaanza shule anawataja mababu mpaka unachoka wewe unayesikiliza, na uani wote ulikuwa ukikungoja kwa heshima.

Ukakohoa kidogo. Ukasema Hamisi alizaliwa na Muheza. Muheza na Segera. Segera na Korogwe, Korogwe na Mombo, Mombo na Same. Uliwapanga kama basi la Moshi linavyosimama, uso mkavu kabisa, na mimi nikaiuma leso yangu.

Dahabo akawapokea wote. Habiba alikuwa akinitafsiria sikioni. Korogwe alisifiwa kwa kuchinjia wageni, na Mombo alikuwa na kisima kisichokauka hata mwaka wa ukame. Ulicheza kwa sifa za vituo vya basi, Mwanaidi, na ulicheza vizuri. Sijacheka vile tangu siku hiyo.

Balaa lilitoka pembeni. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Habaswein ambaye mumewe alikuwa dereva wa lori na aliwahi kumpeleka mpaka Tanga. Alikuwa amekunja uso muda wote, anajaribu kukumbuka. Mwishowe akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kugeuza p kuwa b, "Huyu Mombo si mtu. Habo basi inasimama, mimi nimekunywa chai. Na Korogwe tumelala, gari ilibata bancha."

Walicheka mpaka wengine wakajilaza juu ya mikeka. Bibi harusi mwenyewe alijifunika uso, mabega yakitikisika. Lakini Dahabo hakucheka. Alikaa chini akageukia ukuta, na kicheko kikafa kidogo kidogo. Sifa za wazee ni kitu kizito hapa, na yeye alizimwaga kwa stendi. Wakubwa wakanong'onezana, kisha wakasema Dahabo apewe haal, ile fidia ya kumpoza mtu aliyevunjiwa heshima. Tena hailipi mkosaji mwenyewe. Hutolewa na watu wake.

Wakauliza watu wetu wako wapi.

Bado nakuona. Umesimama katikati, pindo la gauni la watu mkononi, mzaha wote umekuishia. Ulijibu polepole kwamba hatuna mtu, mama tumemzika, tumebaki wewe na mimi. Habiba alitafsiri. Nilitamani nikushike mkono tuondoke zetu. Halafu Habiba akasimama, akajifunga shuka yake vizuri.

"Hawa ni watu yangu," alisema. "Kesho mbuzi nabeleka mimi."

Dahabo akageuka. Akauliza mama yetu aliitwa nani. Ukamwambia Zubeda. Akasema huyo anatosha, akaagiza ngoma ianze, akamghani mama yetu ambaye hakuwahi kumwona. Ulicheza huku machozi yanakutoka na wewe huyafuti.

Tuliporudi nyumbani hukusema kitu, jambo ambalo kwako lilikuwa kama ugonjwa. Baada ya siku chache nikakukuta unafunga begi. Hukunidai jibu. Ulisema, "Una watu hapa, dada. Sasa naweza kukuacha." Nikacheka, nikakusaidia kufunga zipu. Ulikuwa na furaha kwa ajili yangu, na sikutaka kukuharibia. Lakini nilikuwa nikingoja unishike mkono uniambie twende, kama siku ile uliposhuka. Ungesema mara moja tu ningekufuata.

Homa yako ilikuwa ya siku chache. Jirani yetu wa Tanga alipopiga simu kliniki, walikuwa wameshakuzika. Nilikaa chumbani mlango wazi nikidhani nitakaa peke yangu, na wanawake wakaja, wakajaa mpaka uani. Habiba alipika. Dahabo alikaa nami mpaka siku ya mwisho ya matanga, haachii mkono wangu. Ulisema kweli, nina watu, wala siwakufuru. Ila kati ya wote wale hakuwepo hata mmoja aliyekujua ukiwa na meno mawili.

Jana nilikuwa nikimsimulia Habiba nyumba yetu ya Ngamiani. Nikamwambia mlango wa uani ulikuwa wa kijani. Nilipotamka tu, nikaingiwa na shaka. Labda ulikuwa wa buluu. Nikamuuliza, kama mjinga, ulikuwa wa kijani au wa buluu.

"Kijani, abaayo," akanijibu kwa upole, akiniita dada kwa lugha yao. "Si wewe umesema kijani?"

Wewe ungenibishia mpaka chakula kiungue.

Mungu akulaze pema, mdogo wangu.

Dada yako, niliyebaki Garissa