Kocha aliyenikatia nyasi

Darlene, hebu sikia haya.

Unamjua jirani yangu Kocha Brandvold. Chuo kilimfukuza kwenye timu yao ya mpira, lakini kwa mkataba kinaendelea kumlipa mamilioni ilimradi asipate kazi nyingine. Jana kanikatia nyasi, nikampa dola ishirini.

Ishirini, Darlene.

Leo wakili wa chuo kanigongea mlango. "Mama, ulimwajiri?"

Nikisema ndiyo, mamilioni yamekwenda.

Nikamwambia, "Kazi gani? Hebu tazama alivyozikata vibaya. Nilimpa kwa huruma tu."

Wakili akazitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaondoka.

Kumbe Kocha yuko nyuma ya ua, anasikia. "Vibaya kivipi?"

"Nimekuokoa, wewe!"

"Nimeuliza, vibaya kivipi?"

Mtu kafungwa mechi tisa mfululizo huku anatabasamu. Lakini kwa nyasi tu, hanisalimii tena.